Mpira wa Maji

Mie si msanifu majengo. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu najua baadhi yenu mnaosoma kurasa hizi mko chuoni na mtaanza kunipima kwa rula. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka yalivyotoka, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiandika riwaya kwenye kauntabuku huku nikimdanganya mama kwamba ni barua za kuombea kazi. Riwaya yenyewe inahusu familia iliyohamishwa na mafuriko. Miaka mitatu sasa ndo kwanza niko sura ya kwanza, lakini hayo tuyaache.

Shangazi, mtu asiyeweza kumwona kijana amekaa akanyamaza, akanitafutia kibarua kwa mzee mmoja mchora ramani za nyumba. Ofisi ni chumba kimoja na nusu, ghorofa ya pili, Kariakoo. Kazi yangu kufagia, kupiga fotokopi, kupokea simu, na siku za kwenda saiti kushika ncha ya pili ya futi. Mshahara siutaji, nisije nikawachekesha.

Wateja wa mzee wengi huja na picha kwenye simu. Nyumba ya Afrika Kusini, sijui ya Dubai, ina nguzo nne na bati la rangi ya damu ya mzee. "Nataka hii." Mzee anaitazama picha, anaisifu vizuri tu, kisha anauliza: "Kiwanja chako mvua ikinyesha maji yanatokea upande gani?" Mteja anakodoa macho. Anaulizwa tena jua linachwea upande gani wa kiwanja. Hajui. Kuna siku bwana mmoja aliondoka kwa hasira, akisema alikuja kuchorewa nyumba, hakuja kufanya mtihani wa jiografia.

Mie nilikuwa upande wa yule bwana, nisiwafiche. Nilidhani ramani ya nyumba ni ile ya vyumba: sebule hapa, jiko pale, masta na choo chake. Kwamba kuna ramani inayotangulia hiyo, ya kiwanja chenyewe, ya wapi nyumba ikae na itazame wapi na maji yapite wapi na gari liingilie wapi, sikuwahi kulisikia hilo.

Siku ya kwanza tulipokwenda saiti nilibeba futi, kamba, mambo na nyundo. Tulipofika mzee akaweka gazeti juu ya jiwe akakaa. Akakaa saa nzima! Mie nimesimama na nyundo mkononi kama askari. Halafu akaniuliza nasikia nini. Nikasema sisikii kitu. Akasema nisikilize. Basi nikasikia: gereji upande wa chini, mashine ya kusaga, watoto wa shule, na upepo kwenye minazi ya jirani. "Sasa chumba cha kulala utakiweka upande wa gereji?" Futi haikufunguliwa siku ile. Tulirudi kesho yake jioni, tukarudi tena Jumapili, ndipo tukapima.

Kidogo kidogo nikaanza kuyashika. Dar es Salaam iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi kama 7 hivi. Kwa hiyo Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, na Desemba limehamia kusini, lakini siku zote mbili liko juu sana, upenu wa bati ukitoka vya kutosha unalizuia. Jua baya ni la asubuhi na la jioni, maana hilo linakuja limeinama, linapita chini ya upenu, linaingia dirishani na kulala nawe kitandani. Ndiyo maana nyumba ndefu hulazwa mashariki kwenda magharibi, ubavu mrefu ukatazama kaskazini na kusini, na vichwa vya nyumba ndivyo vikapigwa na jua baya. Upepo nao una ratiba yake: kusi kwa miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Mabaharia wa majahazi waliyajua haya karne nyingi kabla ya mzee wangu kuzaliwa. Sisi tunaojenga leo mjini tunayasahau, tunaweka madirisha kufuata barabara, kisha tunakopa kununua feni.

Mzee ana kitabu kimoja chakavu cha Mskoti aliyefundisha Marekani, Ian McHarg, kilichotoka mwaka 1969. Kiingereza chake kilinishinda mahali pengi, lakini picha nilizielewa. Yule bwana alichukua karatasi zinazopitisha mwanga. Moja akachora miteremko, nyingine maji, nyingine udongo, nyingine misitu, na kila palipo na tatizo au pasipofaa kuguswa akapatia rangi nzito. Halafu akazipandanisha zote juu ya ramani moja. Penye giza usijenge, penye mwanga jenga. Hivyo tu. Alitumia njia hiyo kupanga barabara kuu na mabonde mazima, lakini mzee anasema hata kiwanja cha uswahilini kinakubali.

Siku nyingine alinipeleka soko la Kariakoo, ambalo nilikuwa nalipita kila asubuhi bila kuinua kichwa. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchoraji wake Beda Amuli. Paa lile limekaa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, na mzee akanieleza kwamba miavuli ile ilichorwa hivyo ili ikusanye maji ya mvua yashuke kwenye tangi chini ya ardhi. Mie nilidhani ni urembo. Amuli alijua mvua ya Dar haina adabu, akaamua kuipangia chumba chake kama mpangaji mwingine yeyote. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikafuta ukurasa mzima wa riwaya yangu, kwa sababu mzee aliuliza njiani nyumba ya mhusika wangu mlango unatazama wapi, nikabaki kujing'atang'ata.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Desemba 2011 nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa wapangaji, vyumba viwili, katika bonde la Msimbazi. Mnaokumbuka mvua zile mnakumbuka, na walioambiwa wameambiwa. Watu walikufa, maelfu wakabaki bila makazi, na baadaye wengine wakapewa viwanja Mabwepande. Sisi tulitoka na masanduku mawili na redio iliyoingia maji. Baba alinibeba mabegani. Nakumbuka kandambili yake moja ikichukuliwa na maji, na yeye akiifuata kwa macho kana kwamba ndo mali pekee iliyopotea. Tukaenda kujibanza Mbagala kwa shangazi, siku kumi zikawa miaka.

Baba alistaafu kazi ya stoo. Kiinua mgongo chake, kabla watoto hatujakihesabu, alikwenda kununua kiwanja Kibamba, mita 20 kwa 35. Alikuja na karatasi akaiweka juu ya meza, akamwita mama, akatuita sote. Akasema: "Juu kilimani. Hakuna mto." Mama akalia. Mie pia nililia, ingawa wakati ule nilikuwa najifanya mtu mzima.

Kilimani ni kweli. Barabara iko magharibi, upande wa chini, na kiwanja kinapanda kwenda mashariki. Baba alitaka nyumba ikae mbele kabisa, katikati, mlango utazame barabara, na fremu mbili za duka zishikane na nyumba. Fundi alikuwa ameshaseti, kamba zimevutwa, na matofali elfu mbili yameshamwagwa pale pale. Wiki hiyo ndipo nilipomwomba mzee aniazime levo kwa Jumamosi moja, nijifunzie kwenye kiwanja chetu. Sikuwa na nia nyingine, wallahi. Nilitaka kumwonyesha baba kwamba kufagia ofisi ya watu kumenifundisha kitu.

Mdogo wangu akashika mti wa vipimo. Tulipima kila baada ya mita 5, jumla nukta 40, tangu asubuhi hadi saa nane mchana, tumekula muhogo tu. Toka nyuma hadi mbele kiwanja kinashuka mita 2 na sentimita 60. Usiku nikakaa na karatasi ya grafu ya mdogo wangu nikachora kontua, yaani mistari inayounganisha nukta zenye mwinuko sawa. Mistari ikibanana, pana mwinamo mkali. Ikiachana, pametulia. Na ikijikunja kama herufi V, tazama ncha ya V inaelekea wapi: ikielekea chini, huo ni mgongo, ikielekea juu, hapo ndipo maji yanapopita.

Nilichora mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukajikunja. Nikafikiri nimekosea kutoa, nikarudia hesabu. Wa tano ukajikunja zaidi. V baada ya V, ncha zote juu, zimepangana mshazari kutoka mpaka wa kaskazini hadi katikati ya barabara, zikipita chini ya sebule ya baba, fremu ya kwanza na chumba cha wazazi.

Lilikuwa korongo. Si korongo la kutisha, kwa macho hulioni, majani yamelifunika na mteremko unalificha. Nikakumbuka matete machache mpakani ambayo nilidhani ni pambo, na alama ya tope kwenye ukuta wa jirani wa chini. Sikulala.

Nilimwambia mama kwanza. Mama akasema: "Mwambie taratibu." Sasa utamwambiaje mtu taratibu jambo kama hilo? Jumatatu nikaweka ile grafu mbele ya baba baada ya chakula. Akaiangalia kwa heshima kama mtu anayeangalia barua ya lugha asiyoijua. Nikaeleza V zangu. Akauliza: "Hayo maji umeyaona?" Nikasema sijayaona, nimeyapima. Akaikunja karatasi, akanirudishia.

Fundi naye nilimfuata saiti. Mtu mwema, ana miaka ishirini kwenye kazi, akacheka. "Dada, maji hayana kichwa. Tutajaza kifusi, tutapiga zege, yatapita pembeni." Nikamuuliza pembeni wapi, kwa jirani? Jirani wa kaskazini ana kisima, tena amekichimba upande wa chini. Akasema hilo ni la jirani. Sitaki kumsema vibaya, anajenga anachoambiwa na anajua kupandisha ukuta kuliko nitakavyojua mie kuandika. Lakini kifusi hakifuti njia ya maji, kinaificha tu.

Wiki mbili baba hakusema nami zaidi ya "marahaba". Mnaotoka nyumba kama zetu mnajua uzito wake. Nilijilaumu. Nilijiona kitoto kilichobebwa mabegani kutoka kwenye maji, sasa kimerudi na karatasi ya grafu kumwambia aliyekibeba kwamba hajui kutazama ardhi.

Mzee wangu ofisini, nilipomsimulia, hakunipa mawaidha. Alisema tu: "Mtu haamini mchoro, anaamini mkono wake." Akaniambia nichukue mpira wa maji.

Mpira wa maji mnaufahamu, ule mwembamba unaopitisha mwanga, mafundi wanaujaza maji kupata usawa. Maji kwenye ncha mbili yatasimama kimo kimoja, hata mpira ujikunje vipi katikati. Fundi wa mtaani na profesa wanakubaliana hapo. Jumapili nikamwomba baba anisaidie kushika ncha moja, nikasema mdogo wangu ana mtihani, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu. Akaja. Nadhani alikuja kwa sababu alishachoka na "marahaba" yake.

Akasimama na ncha yake kwenye mambo ya kusini, mie nikaanza kaskazini. Kutoka majani hadi usawa wa maji, kwangu sentimita 90, kwake 90. Sawa. Nikasogea hatua tano kuelekea katikati: 108. Nikasogea tena: 131. Akauliza, "Ngapi?" Nikarudia. Akasema niangalie vizuri. Nikasema njoo wewe. Tukabadilishana, mie nikashika kusini, yeye akapita na fimbo yenye alama, akiinama, akisoma kwa sauti, 108, 131, halafu ikaanza kupungua, 112, 90. Akarudi tena katikati. Akasimama pale, palipokuwa pa sebule, akatazama kulia na kushoto.

Akaomba jembe.

Nilitaka kuchimba mie, akakataa. Juu ulikuwa mchanga safi, mweupe, wa kupendeza. Nusu mita chini ukaanza mchanganyiko: vipande vya tofali, mifuko ya plastiki, nguo. Aliyetuuzia, au aliyemuuzia yeye, alikuwa amepafukia. Chini yake tope jeusi. Na kwenye lile tope jembe likatoa kandambili, ya mguu wa kushoto, kamba imekatika.

Haikuwa yake, jamani. Kandambili ziko kila shimo la Dar es Salaam. Ningekuwa naandika riwaya nisingeithubutu, mhariri angenicheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Baba aliishika muda mrefu, kisha akaiweka pembeni ya shimo, kwa uangalifu, kama mtu anavyoweka kiatu mlangoni.

"Kwa hiyo nimenunua bonde tena."

"Umenunua kiwanja, baba. Bonde ni kipande tu."

Hakujibu. Alikaa juu ya matofali. Nami nikakaa. Baada ya kitambo akasema, "Haya mama, nionyeshe hicho kipande kingine."

Tukapanda. Kona ya kusini mashariki, nyuma kabisa, ardhi ni mgongo, udongo mgumu tangu juu. Pana mkorosho mkubwa ambao fundi alikuwa ameshaupangia shoka. Nikamwambia nyumba tukiilaza mashariki kwenda magharibi, mkorosho unabaki upande wa machweo, utakula jua la jioni kabla halijafika dirishani kwake. Akaupapasa mti. Akauliza utapatikana wapi upepo, nikamwonyesha. Akauliza gari la kunyonya choo litafikaje huku juu. Swali zuri, mie nilikuwa sijalifikiria. Tulishuka tena na futi. Shimo likapata nafasi upande wa kusini, katikati ya nyumba na barabara, mbali na njia ya maji na mbali zaidi na kisima cha jirani, mpira wa gari unafika. Duka likawa moja badala ya mawili, kwenye kona ya chini ya kusini, limeinuliwa ngazi mbili. Lile duka la pili alilipigania saa nzima. Alikuwa na haki, ndilo lilikuwa pensheni yake ya kweli. Mpaka leo sina hakika kama nisingeweza kuliokoa kwa kulichora vizuri zaidi.

Lile korongo hatukulifukia. Tulilifukua, taka zikatoka toroli kumi na kitu, tukalipa umbo la mfereji mpana wenye kingo za kulala, majani pembeni yashike udongo, na pembetatu ya kaskazini iliyobaki mama akaidai ya migomba. Kupandisha matofali elfu mbili juu kuligharimu pesa ambazo hatukuwa nazo. Yaliyovunjika sikuyahesabu mbele ya baba. Fundi alinuna siku tatu, siku ya nne akaja kuuliza kama ule mchoro wa V naweza kumfundisha.

Masika yakatukuta msingi haujafika kwenye zege. Usiku mmoja wa Aprili mvua iliingia saa nane na haikukatika. Asubuhi baba alishavaa mabuti, tukapanda daladala, tukamalizia kwa miguu kwenye tope. Maji yalikuwa yanapita. Ya rangi ya chai ya maziwa, upana kama wa kitanda, yanashuka mshazari kutoka kaskazini hadi barabarani, yakifuata mkondo wetu. Mahali palipokuwa pa chumba chao yalinifika magotini, nilijaribu.

Baba hakuingia. Alisimama juu karibu na mkorosho, mwavuli umegeuka nje ndani, akipiga hesabu za kitu fulani kwa vidole. Nilipopanda, nimelowa hadi kichwani, aliniuliza kama majani yale ya kingo tumepanda ya kutosha, na kama ile kona ya chini, kwa siku za usoni, haiwezi kweli kubeba fremu ya pili.

Nikamwambia ngoja nikalete mpira.